Propela ya Nane

Nilipovunja propela ya tatu, binti yangu Stellamaris aliniuliza kama tunazila. Yeye ndiye aliyekuwa akininunulia, maana anafanya kazi Dar na kurudi Kibaha kila jioni, na kule Kariakoo anamjua kijana mmoja anayeuza vifaa vya ndege za rimoti kwenye kibanda kilichobanwa na maduka ya spika. Alikuwa akipitia pale akitoka kazini, anaitumbukiza propela kwenye mkoba, kisha ananiwekea mezani kwetu Tangini kwa uso wa mtu aliyetumwa sigara na mzazi wake. Siku hiyo aliongeza kwamba nina miaka sitini na miwili. Nikamjibu kuwa miaka yangu naijua.

Na sikuipenda ile ndege, hilo lieleweke mapema. Nimeendesha magari ya serikali miaka thelathini na mmoja, nikastaafu na mgongo usiokubali kiti wala kitanda, na kitu pekee nilichokuwa nakitaka uzeeni ni kukaa barazani nisisikie mlio wa injini ya aina yoyote. Jumamosi kwangu ni siku ya kulala. Kama si Latifu, ningekuwa nimelala.

Latifu alikuwa fundi wa karakana yetu. Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili na sidhani kama tuliwahi kuitana majina. Mimi nilikuwa Dereva, yeye Fundi. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja siku zote. Nikirudi safari, kabla hata sijanawa uso, namkuta mlangoni mwa karakana, namkabidhi funguo, naye ananiuliza, "Linagonga wapi?" Hapo namweleza: likipanda mlima linafanya hivi, nikikata kona ya kushoto nasikia hivi, nikifunga breki linavuta huku. Hakuwa anaandika. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka nimalize, halafu akatandika kipande cha boksi na kuingia chini. Sikumbuki kumrudishia gari hata moja lisilogonga popote. Magari yetu hayakuwa ya namna hiyo.

Karakana ile ilikuwa upande wa Kisarawe, na ndege zinazokwenda kutua Dar zilikuwa zikipita juu yetu zimekwisha kutoa magurudumu. Kila ikipita moja, Latifu alijivuta kutoka chini ya gari akaitazama mpaka ipotelee upande wa Pugu. Sisi tulimcheka. Tulimwambia ndege zinaruka kila siku, yeye anashangaa nini. Akasema kuruka hakumshangazi, hata jiwe ukilitupa linaruka. Kilichomshangaza ni kutua. Alitaka kujua mzigo wote ule unashukaje chini taratibu bila kuvunja kitu.

Alistaafu mwaka mmoja kabla yangu, akarudi kwao Kibuta kwenye mihogo na mikorosho ya baba yake. Kisha macho yakaanza. Ni presha ya macho, ile inayokuibia pembeni kwanza, na mtu anakuja kushtuka wakati imebaki katikati tu. Kliniki yake ilikuwa Tumbi, na kwa kuwa Tumbi na Tangini si mbali, mimi ndiye niliyekuwa nikimpokea yeye na mkewe Zuwena, tunakaa wote kwenye foleni. Daktari hakumficha. Alimwambia dawa ya matone inalinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi, na hicho kilichobaki hakuna anayejua kitadumu muda gani. Latifu alinieleza kuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la maji.

Siku hiyo tulikuwa kwenye benchi la nje tukimsubiri Zuwena achukue dawa dirishani. Latifu akaniambia ametengeneza ndege. Nilidhani ni mambo ya umri. Kumbe ni kweli: mwili na mbawa amekata kwenye lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni, mota na betri na rimoti amenunuliwa na mpwa wake, na kila kitu amekifunga mwenyewe, nusu kwa kuchungulia, nusu kwa kupapasa. Tatizo lilikuwa kuiendesha. Akitazama rimoti anaipoteza ndege, na ndege ikishatoka kwenye bomba lake haipati tena. Lakini mtu mwingine akiiendesha, yeye akasimama tu bila kazi nyingine, ataifuata.

"Nataka niione inatua, Dereva," alisema. "Mara moja tu, nzima. Kabla hapajafungwa."

Ningesemaje? Zuwena alikuwa anakuja na kile kimfuko cha dawa. Nikasema sawa.

Basi kila Jumamosi nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri, natoka Tangini na pikipiki yangu kuukuu, nashika njia ya Kiluvya, natokea Kisarawe mjini, halafu barabara ya vumbi hadi Kibuta, mgongo ukinikumbusha kila shimo. Propela nilizibeba kwenye soksi ili zisipinde. Ilibidi kuwahi kwa sababu upepo ukishaamka, ndege nyepesi vile inapeperushwa ovyo. Nyuma ya nyumba yao kuna shamba lililoachwa lipumzike, majani yanafika kwenye kifundo cha mguu, upande mmoja mihogo na upande wa pili mikorosho. Hapo ndipo nilipodhalilika.

Propela ya kwanza haikufika hata hewani. Rimoti ina vijiti viwili. Cha kulia ni usukani, cha kushoto ndicho kinachoongeza na kupunguza nguvu ya mota, na mimi nilikiita kijiti cha mafuta ingawa mafuta yenyewe hayamo. Nilichomeka betri kijiti hicho kikiwa juu. Mota ikaamka ghafla, ndege ikaruka kutoka mezani, propela ikapiga mguu wa kiti na kukatika vipande viwili. Latifu akasema hilo ndilo somo la kwanza, kijiti chini kabla ya betri. Nikamwambia angelisema kabla.

Ya pili niliivunjia kwenye mkorosho. Ndege ikiwa inakwenda mbele yako, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kuja kwako, kushoto inakuwa kulia, na mtu aliyeshika usukani halisi miaka thelathini hawezi kukubali upuuzi huo kwa asubuhi moja. Latifu alikuwa ametazama video nyingi kwenye simu, ameisogeza karibu na pua yake, na humo alikuwa ameokota ujanja: ikija kwako, angalia bawa lililoinama, sukuma kijiti upande uleule wa bawa hilo, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Ujanja huo ulinisaidia. Wiki iliyofuata nikaweza kuizungusha shamba zima, naye amesimama katikati ya majani, mkono juu, kidole kinaifuata ndege kila inapokwenda. Kidole kile kilinipa raha, siwezi kukataa.

Kisha nikaishusha, na ikavunjika ya tatu.

Hapo ndipo tatizo langu lilipojulikana. Ndege ile haina magurudumu. Inatua kwa tumbo kwenye majani, na propela iko puani. Ikigusa ardhi huku mota inazunguka, propela inapiga udongo na kukatika. Ili isikatike, unatakiwa uizime mota kabla ndege haijafika chini, ikiwa bado juu usawa wa kichwa cha mtu, uiache iteleze yenyewe. Ni jambo la kidole gumba kushuka chini. Mtoto mdogo analiweza. Latifu alikata hata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaifunga propela kwa mpira huo badala ya kuikaza kwa nati, ili ikigusa kitu ilegee na kukwepa. Mota ikiwa imezimwa, mpira ule ungeiokoa kila mara. Ikiwa inazunguka, hakuna mpira wa kuiokoa.

Nikavunja ya nne. Nikavunja ya tano. Kila ikikaribia chini Latifu alisema, zima, na kila akisema, kidole changu kilikatalia palepale. Nilipunguza. Kuzima sikuweza.

Sababu naijua na yeye aliijua. Kulikuwa na dereva mwenzetu, Mwinshehe. Miaka ile tulibanwa sana mafuta, na madereva wengi wakifika mteremkoni walikuwa wanazima injini na kuliacha gari liende frii, mafuta yabaki. Mwinshehe alifanya hivyo kwenye mteremko mmoja wa njia ya Iringa. Gari la namna ile ukilizima breki zinakuwa ngumu, usukani unakuwa jiwe, na kona ya chini haikusubiri. Waliokwenda kulivuta gari ni mimi na Latifu. Mimi ndiye niliyeingiza mkono dirishani nikakuta funguo imezimwa. Tangu siku hiyo, chombo chochote kinachotembea mikononi mwangu, injini inawaka. Hata pikipiki siizimi mpaka mguu uguse chini. Sikuwahi kuiona kama kasoro. Ofisini walinipa hati ya udereva bora mara mbili.

Propela ya sita tuliivunja Jumamosi yenye joto baya. Ndege ilishuka vizuri, imenyooka, nikasikia mwenyewe ndani kwamba leo ndiyo, na kidole kikaganda. Tukasikia ule mlio mkavu. Latifu, ambaye kwa miaka yetu ishirini na miwili sikumbuki amenipandishia sauti, akakaa chini kwenye majani.

"Mwinshehe amekufa miaka kumi na minane iliyopita," akasema. "Hii haina breki, haina abiria, haina mteremko. Ukiizima ndiyo inapona. Unashindwa nini, Dereva?"

Nilikuwa nimechoka, nimetoka jasho, na propela ya sita iko mkononi vipande. Nikamwambia yeye maisha yake yote alikuwa chini ya gari, hajawahi kuwa nyuma ya usukani. Na nikamwambia kitu kingine.

"Wewe hata macho ya kuona ninachofanya huna."

Alitafuta fimbo yake kwenye majani, akasimama, akaenda nyumbani. Nami nikapanda pikipiki, sikumuaga hata Zuwena.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilijiambia nimpe muda apoe, ingawa aliyekuwa anachemka ni mimi. Ya pili vilevile sikwenda. Nililala hadi saa nne na sikupata usingizi wowote. Ya tatu nilikuwa tayari kwenda, ikanyesha mvua tangu alfajiri. Katikati ya wiki hizo nilipiga simu mara moja, Zuwena akapokea, akasema Fundi amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nikasema amenuna, na mimi nikanuna tena juu ya kununa kwangu. Jumatatu moja Stellamaris akaja na propela mbili kwa mkupuo. Alisema yule kijana wa Kariakoo amezikwangua boksini, za saizi ile zimekwisha na hajui zitakuja lini. Akaziweka mezani, akaniangalia, akaniuliza ugomvi na Mzee Latifu unaisha lini. Watoto wetu hawa wanajua kila kitu.

Nilirudi Kibuta Jumamosi ya nne. Latifu alikuwa barazani, amevaa kofia yake ya kazi, kama mtu aliyenitarajia kila wiki. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima kutoka Kiluvya, na alipoinua uso akasema, "Dereva, umechelewa," maneno yakaniishia. Nikasema barabara mbovu. Akasema anajua. Tukaachia hapo, kama wanaume wajinga wanavyoachia mambo.

Aliibeba ndege yeye mwenyewe mpaka shambani, Zuwena akitembea mbele yake karibu sana. Zuwena akampa kikombe cha chai, akakitia mkononi mwake na kumkunja vidole. Nilifikiri, huyu naye sasa amedekezwa, mbona mimi shemeji hakuna anayenikunja vidole. Niliirusha. Kila baada ya muda mfupi Latifu aliniuliza, "Iko wapi sasa?" Nilidhani ananipima, maana kwenye video zake walimu wanafanya hivyo, wanamuuliza mwanafunzi ili asizubae. Nikawa namjibu: iko juu ya mihogo, inageuka, inakuja. Mkono wake wa kulia ulikuwa na chai na wa kushoto ulikuwa mfukoni. Kidole cha kuifuata ndege sikukiona siku hiyo, na sikukiulizia.

Nilipoishusha, nilipunguza mota hadi karibu ya mwisho kabisa. Karibu. Ikavunjika ya saba.

"Hiyo ilikuwa bado kidogo tu," Latifu akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko ugomvi. Nikajua amenikatia tamaa.

Ikabaki moja. Stellamaris alinishauri tuiache ndani mpaka zije nyingine, na mimi nilikuwa tayari kabisa kuiacha, si kwa busara, kwa uchovu. Nilichoka na alfajiri, nilichoka na barabara, nilichoka na kidole changu mwenyewe. Lakini kila nilipoiona ile soksi mezani nilikumbuka benchi la Tumbi. Kabla hapajafungwa, alisema. Ijumaa jioni mgongo ukanikaba vibaya, nikakesha nimekaa kitako ukingoni mwa kitanda. Saa kumi na moja nikavaa hivyohivyo.

Kibuta nilifika nimepinda. Zuwena aliponiona alisema, "Shemeji, si upumzike kwanza?" Nikamwambia nikikaa sitanyanyuka. Tukaenda shambani, watu watatu wazima nyuma ya ndege ya povu. Latifu aliifunga propela ya nane mwenyewe, akaizungusha mara moja kwa kidole, akausikiliza mpira ukilegea na kurudi. Akampa Zuwena ndege airushe. Zuwena alikuwa amekwisha kuwa hodari wa kuirusha kuliko sisi. Aliisukuma mbele kwa mkono mmoja, imenyooka, na akarudi zake kukoka moto.

Ikapanda. Kulikuwa hakuna upepo kabisa.

"Iko wapi sasa?"

"Juu ya mihogo."

Latifu alisimama hatua chache mbele yangu, mikono nyuma, kidevu juu. Niliizungusha mara ya kwanza, mara ya pili. Kila nikitaka kuishusha naona kidole kitaganda, naongeza mzunguko. Mgongo ulikuwa unawaka. Jasho liliingia jicho moja na sikuweza kulifuta. Kwenye mzunguko wa nne nikaileta kutoka upande wa mikorosho, chini, chini zaidi, mota ikilia ule wembamba wake kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Ningependa kusema niliamua. Ningependa kusema nilimwambia Mwinshehe kwaheri, nikajikaza, nikawa mtu mpya. Sivyo. Nilikuwa nimechoka tu. Mkono wa kushoto ulichoka kushikilia, kidole kikashuka chenyewe chini kabisa, na nilipogundua kimeshuka sikuwa na nguvu ya kukirudisha.

Mota ikanyamaza. Katika maisha yangu sijawahi kukiacha chombo kikienda kimya namna ile. Ndege ilipita mbele ya mikorosho bila sauti, ikapita kando yangu, pua juu kidogo, haina haraka yoyote. Propela ilikuwa imesimama, niliweza kuyaona mapanga yake mawili. Ilienda, ikaenda, halafu majani yakaipokea tumboni, ikateleza hatua mbili tatu, propela ikagusa udongo, mpira ukalegea, propela ikajikunja pembeni na kurudi mahali pake. Basi. Ilikuwa imelala pale, nzima, kana kwamba mtu ameiweka kwa mikono.

Nikamgeukia Latifu nimwone anavyocheka.

Alikuwa bado amegeukia mikorosho, kidevu juu, mikono nyuma, anatazama pale mota iliponyamazia. Ndege ilikuwa nyuma ya mgongo wake.

"Mbona kimya?" akauliza. "Umeivunja?"

Nilimwangalia mgongo. Nikaukumbuka mkono mfukoni. Nikavikumbuka vidole vilivyokunjwa kwenye kikombe, na Zuwena kutembea mbele karibu vile, na iko wapi sasa, iko wapi sasa. Mambo yote yalikuwa mbele ya macho yangu, na macho yangu mimi ni mazima.

"Iko nyuma yako," nikasema.

Akageuka upesi. Uso wake ulipita juu ya ndege, ukapita juu yangu, ukaenda kusimama kwenye mihogo ambako hakukuwa na kitu.

"Latifu," nikasema. Sijui kwa nini nilimwita jina. "Tangu lini?"

Alifikiri kidogo. Nadhani alikuwa anapima kama bado inawezekana kudanganya.

"Wiki ile baada ya ile ya sita," akasema. "Niliamka Jumatano, nikadhani Zuwena hajafungua madirisha."

Baada ya ya sita. Jumatano. Jumamosi ya kabla yake ndege ilishuka imenyooka mbele yake akiwa bado na bomba lake la kuchungulia, na ningeshusha kidole, angeona. Nilimwambia hana macho siku nne kabla hajaishiwa nayo. Kisha nikakaa nyumbani nimenuna wiki tatu, na yeye akiwa kitandani saa tano ya asubuhi amelazwa na giza. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika umri huu. Nikakaa chini kwenye majani palepale, nikamwambia kwamba nimemuua. Sikujua neno jingine.

"Hujaniua, acha maneno hayo. Daktari alisema mapema."

"Kwa nini hukuniambia niliporudi?"

"Ungeacha. Ungesema ya nini tena." Akainama, akatanguliza fimbo mpaka ikanigusa bega, akakaa karibu yangu. "Na mimi nilikuwa nakuja kusikiliza, Dereva. Nilikuwa nasikia ule mlio wa kukatika, nasema bado. Leo sijausikia. Ndiyo maana nimeuliza."

Nilinyanyuka kwa tabu, nikaenda kuichukua ndege. Nikaiweka mapajani mwake. Alianza mkiani, akapita juu ya mbawa, akaja puani, akaishika propela kwa vidole viwili akaipapasa ukingo wake wote, panga la kwanza, kisha la pili, kisha akarudi tena la kwanza. Alikuta udongo kidogo kwenye ncha, akaufuta kwa kidole gumba.

Halafu akainamisha kichwa, namna ileile aliyokuwa akiinamisha mlangoni mwa karakana.

"Inagonga wapi?" akauliza.

Nilijifuta uso kwa ile soksi.

"Haigongi popote, Fundi," nikasema. Na nikaanza kumweleza kama nilivyokuwa nikimweleza magari. Nilimwambia ilivyotoka mkononi mwa Zuwena bila kuyumba, ilivyokata kona ya mihogo ikainamisha bawa la kushoto nikaliegemeza kama alivyonifundisha. Nilimwambia ilivyorudi kutoka mikorosho, imeshuka kuliko siku zote, jua likipita ndani ya mbawa zile nyeupe mpaka nikaiona gundi yake kwa ndani. Nilimwambia kidole kilishuka chenyewe kwa uchovu na si kwa ushujaa. Nilimwambia propela ilisimama, na ndege ikaendelea kuja ikiwa imenyamaza, pua juu kidogo, polepole, na haikuanguka. Nilimwambia majani yalivyoinama.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Zuwena alikuwa ameleta chai, amesimama na vikombe hana pa kuviweka, na mimi mgongo ulikuwa umekufa ganzi.

"Rudia pale ulipozima," Latifu akasema.

Nikarudia.